Wewe ndiye msimamizi wa grupu ya michango? Futa haraka, eleza kwa upole

Jumamosi moja, saa tatu usiku, ujumbe uliingia kwenye grupu yetu ya mtaa ya WhatsApp. Tulikuwa tunachanga bili ya hospitali ya jirani yetu. Ujumbe ulisema: "Wapendwa, laini yangu ina shida. Kuanzia sasa tumeni mchango kwa hii namba ya mpwa wangu. Hospitali wanataka pesa kesho asubuhi. Mungu awabariki."

Jina lilikuwa la mweka hazina wetu. Picha ilikuwa yake, ile amevaa kitenge cha kijani. Hata namba ilikuwa ile ile tuliyoijua miaka yote. Kwa hivyo watu walifanya kile watu wema hufanya wakisikia mgonjwa anasubiri. Mmoja alituma 1,500, mwingine 3,000.

Mimi ndiye nilikuwa msimamizi wa grupu, au admini kama wengi tunavyosema. Niliuona ujumbe dakika ishirini baadaye. Nikampigia mweka hazina, akashtuka. Jioni hiyo kuna mtu alikuwa amempigia akijifanya wa kanisani, akamwambia, "Mama, nimekutumia namba ya tarakimu sita kimakosa, hebu nisomee." Akamsomea. Ile namba ndiyo WhatsApp hukutumia kuthibitisha kwamba akaunti ni yako. Mkora akaiweka kwenye simu yake, na papo hapo akawa "yeye" kwenye grupu zake zote.

Nikafuta ujumbe, nikaitoa ile namba kwenye grupu, nikaandika: "Msitume, ni wakora." Nikafikiri nimemaliza kazi. Sikuwa nimemaliza.

Watu walianza kuandika. "Mbona hakusema mapema?" "Na huyo mpwa tunamjua?" "Hii ilipangwa." Mpaka saa sita usiku ilikuwa hivyo. Niliziacha zote. Nilijiambia watu wana hasira na wana haki ya kusema. Sikukumbuka kwamba binti yake pia yuko kwenye grupu, na kwamba mama wa watu alikuwa anasoma kila neno kwenye simu ya bintiye.

Jumatatu alileta daftari la hesabu, kila shilingi ikiwa mahali pake, akasema amechoka. Alikuwa ameshika daftari hilo miaka sita bila mtu kumdai senti. Zile 4,500 tulizichanga upya kwa siku mbili. Mweka hazina wa aina hiyo huchangi.

Ndio maana nimeandika makala hii. Kama wewe ni msimamizi wa grupu ya chama, ya mazishi, ya harusi au ya karo, watu wamekuachia vitu viwili: pesa zao na heshima zao. Wakora wanapenda sana grupu ndogo zenye upendo, kwa sababu humo watu huaminiana na hutuma haraka. Kazi yako ni kuulinda huo wema usigeuzwe mtego, na usigeuke matusi siku mambo yakiharibika.

Kwanza, tenganisha kazi

Kwenye grupu nyingi, mtu mmoja ndiye aliyeifungua, ndiye anapokea pesa, ndiye anaandika orodha, na ndiye anafuta ujumbe. Hata akiwa mwaminifu kama malaika, siku atakayofuta ujumbe unaouliza hesabu, watu watanong'ona. Na wana sababu.

Anayepokea pesa asiwe na uwezo wa kufuta ujumbe wa watu. Anayefuta asipokee pesa. Muwe wasimamizi wawili au watatu, ili mmoja akilala mwingine yuko macho. Kwetu yule mkora alipata dakika ishirini kwa sababu msimamizi alikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa anapika.

Kanuni ziwe chache na zijulikane mapema

Mtu akifutiwa ujumbe kwa kanuni ambayo hakuwahi kuisikia, ataona anaonewa. Andika kanuni tano au sita kwenye maelezo ya grupu, kisha bandika ujumbe huo juu ya mazungumzo kila mchango mpya unapoanza. Zetu za sasa ni hizi, unaweza kuzinakili:

1. Mchango unatumwa kwa namba moja tu, iliyo kwenye maelezo ya grupu. Namba haibadilishwi kwa ujumbe. Ikibidi ibadilike, wasimamizi wawili watawapigia simu wanachama kwanza.
2. Hakuna mtu atakayekuomba PIN wala namba ya tarakimu sita, hata akiwa ni mimi.
3. Kabla ya kutuma, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la mweka hazina, simama.
4. Picha na habari za mgonjwa zinawekwa na familia yake pekee.
5. Hatutaji nani hajachanga.
6. Swali lolote kuhusu hesabu linaruhusiwa na litajibiwa.

Kanuni ya pili ndiyo ingemwokoa mweka hazina wetu. Ya tatu ingewaokoa wale wawili. Jina la mpokeaji liliwatokea kabla pesa haijaenda, na halikuwa la mtu wanayemjua, lakini wakaona si ni mpwa wake.

Ujumbe wa kufuta, wa kuongea na wa kuacha

Msimamizi mgeni hukosea kwa njia mbili. Kuna anayefuta kila kitu kisichompendeza, na kuna anayeogopa kugusa chochote. Mimi nilikuwa wa pili. Siku hizi nagawa ujumbe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wa kufuta mara moja, maswali baadaye. Namba mpya ya kutuma pesa. Linki ya "bonasi" au "mkopo wa haraka" inayotaka namba yako ya kitambulisho. Mtu yeyote anayeomba PIN. Picha ya mgonjwa akiwa kitandani hajitambui, ambayo familia haikuitoa. Na tuhuma kwamba fulani ameiba, ikiwa haina ushahidi wowote. Hii ya mwisho ndiyo nilishindwa kuifuta usiku ule. Kama kweli kuna wizi, kuna kikao, kuna wazee, kuna polisi. Grupu ya watu thelathini na nne saa tano usiku si mahakama.

Fungu la pili ni wa kuongea na mwenyewe kwanza. Siasa, matangazo ya biashara, video zilizofowadiwa, mahubiri marefu ya alfajiri, dawa za miti shamba za ugonjwa uleule tunaouchangia. Mara nyingi aliyetuma hana nia mbaya. Anaona anasaidia. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mingi kabla ya kufika kwenu. WhatsApp yenyewe huzuia ujumbe wa aina hiyo usifowadiwe zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja. Mwambie mwenyewe taratibu.

Fungu la tatu ni wa kuacha, hata kama unakukera. Mtu anayelia msiba wake kwa ujumbe mrefu. Utani. Anayesema kiwango cha mchango ni kikubwa. Na zaidi ya yote, anayeuliza, "Pesa imefika ngapi?" Huyo usimfute kamwe. Mjibu siku hiyo hiyo, kwa takwimu. Grupu ambayo mtu anaogopa kuuliza hesabu imeshaanza kufa, hata kama bado watu wanatumiana maua asubuhi.

Kufuta bila kumvunjia mtu heshima

Ukifuta ujumbe wa mwanachama, WhatsApp inaacha alama kwamba umefutwa na msimamizi, na jina lako liko pale. Kila mtu anaona. Usipoeleza, watu watajaza pengo wenyewe, na hawalijazi kwa mazuri.

Mimi nafuata mpango huu. Nafuta, kisha naandika sentensi moja kwa wote bila kumtaja mtu: "Nimeondoa linki moja ambayo si salama, tafadhali msiifungue." Halafu nampigia au namwandikia aliyeituma, pembeni.

Na hapo pembeni ndipo kazi ilipo. Mimi nina miaka ishirini na kitu. Kwenye grupu kuna wazee waliomzika babu yangu. Siwezi kumwandikia mzee wa umri wa baba yangu, "Tafadhali zingatia kanuni za grupu." Huo ni ukosefu wa adabu, na isitoshe haufanyi kazi. Kwa mzee napiga simu. Namjulia hali, namuuliza habari za nyumbani, ndipo nasema: "Mzee, ile video ya dawa uliyotuma, familia ya mgonjwa wanaisoma na wameanza kuogopa matibabu ya daktari. Nimeiondoa, nikaona nikwambie mwenyewe usije ukasikia kwa mtu." Sijawahi kupigiwa kelele baada ya simu kama hiyo. Mmoja aliniambia hata hakujua familia wako kwenye grupu.

Kwa rika langu, ujumbe mfupi unatosha: "Sasa, poa? Nimetoa ile post ya viatu, grupu ni ya mchango tu. Mchango ukiisha nitauliza wengine kama tutenge siku ya biashara."

Angalia kwamba mifano yote miwili inasema nini kimefanyika, kwa nini, na haimwiti mtu mjinga. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi wetu mwingi uko kwenye vidole.

Mtu akirudia mara ya tatu baada ya kuzungumza naye? Hapo mtoe, lakini wasimamizi wote wakubaliane, na mwambieni kabla ya kumtoa. Mwacheni aendelee kuchanga akitaka. Kutolewa kwenye grupu kusiwe kutolewa kwenye mtaa.

Orodha na zile SMS za uthibitisho

Unaijua ile orodha. "1. Mama fulani 500. 2. Baba fulani 1,000. 3. ..." Kila anayechanga anainakili, anaongeza jina lake, anaituma tena. Watu wawili wakiinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea. Kesho mtu amechanga na hayumo kwenye orodha, na vita vinaanza.

Orodha iandikwe na mtu mmoja tu, mara mbili kwa siku, kwa mfano saa saba mchana na saa mbili usiku. Kama mnaweza kukubaliana, andikeni majina bila kiasi, na jumla chini. Mweka hazina abaki na kiasi cha kila mtu kwenye daftari lake, na kila mtu anaweza kuuliza cha kwake. Nimeona mama aliyechanga 50 akiandikwa chini ya mtu aliyechanga 10,000. Tangu siku hiyo hajachanga tena. Alikuwa na ile 50 tu.

Halafu kuna SMS ya uthibitisho ambayo watu huibandika kwenye grupu kama ushahidi. Isome tena vizuri. Mara nyingi ina salio lako lililobaki. Ina namba ya muamala, muda na jina la mpokeaji. Mkora akiwa ndani ya grupu, amepata kila anachohitaji kukupigia akijifanya huduma kwa wateja: "Saa mbili na dakika kumi ulituma mia tano, sivyo? Kuna shida na muamala wako." Utamwamini, kwa sababu anajua.

Wafundishe wanachama wanakili namba ya muamala peke yake na kumtumia mweka hazina moja kwa moja. Akibandika mtu SMS nzima yenye salio, ifute kwa ajili yake na umwambie kwa nini. Atakushukuru. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na habari za afya inazipa uzito wa pekee. Lakini hata bila sheria, salio la mtu ni siri yake.

Utapeli ukiingia: fuata mpangilio huu

Siku ikifika, hutakuwa na muda wa kufikiri. Kwa hivyo jua mpangilio mapema.

Kwanza piga skrinishoti ya ujumbe, namba ya mtumaji ikionekana, kabla hujaufuta. Ushahidi ukipotea haurudi.

Pili, funga grupu kwa muda ili wasimamizi pekee waweze kuandika. Iko kwenye mipangilio ya grupu, inachukua sekunde chache. Laiti ningefanya hivi, yale maneno ya usiku ule yasingeandikwa.

Tatu, futa ujumbe na utoe ile namba kwenye grupu. Kama akaunti imetekwa, andika wazi: "Akaunti ya mweka hazina imetekwa na matapeli. Ujumbe ule si wake. Tumeongea naye kwa simu. Msitume pesa." Sentensi ya pili ndiyo niliisahau. Nilisema "ni wakora", sikusema si yeye.

Nne, waliotuma wachukue hatua hapo hapo. Kama ni M-Pesa, tuma ile SMS ya uthibitisho kwa 456 kuomba pesa zirudishwe. Mtandao mwingine, piga huduma kwa wateja wao. Wakora hutoa pesa haraka, kwa hivyo dakika tano zina maana. SMS za utapeli kwenye laini ya Safaricom zinapelekwa 333 bila malipo. Kisha nenda kituo cha polisi, upate namba ya OB. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inakuwezesha kushtaki mtu anayejifanya mwingine mtandaoni ili apate pesa.

Tano, mwenye akaunti afungue WhatsApp kwenye simu yake na kusajili namba upya. Atatumiwa namba mpya ya tarakimu sita, na akiiweka, mkora anatolewa. Baadaye awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata mtu akipata tarakimu sita, bado aombwe PIN nyingine.

Sita, usifungue grupu mpaka umeongea na aliyetekwa. Muulize anataka lisemwe nini kwa niaba yake.

Mchango ukiisha

Grupu nyingi za michango hazifi. Zinabaki pale, msimamizi amechoka, namba za watu zote ziko wazi, na siku moja mtu anazitumia vibaya. Mchango ukiisha, toeni hesabu ya mwisho: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Acheni siku saba za maswali. Halafu shukuruni watu na mfunge. Kama ni chama kinachoendelea, angalia kwamba kila mwanachama mpya anaidhinishwa na msimamizi kabla ya kuingia, na kwamba linki ya kujiunga haizunguki mitaani.

Kuhusu mweka hazina wetu: wiki mbili baada ya ule usiku, tulienda kwake mimi na akina mama wawili, tukiwa na sukari na unga. Nilimwomba msamaha kwa kuacha yale maneno yakae. Aliniambia wizi haukumuuma sana, wezi wako kila mahali. Kilichomuuma ni kuona jina la mtu aliyemlelea mtoto likiwa juu ya neno "ilipangwa".

Kazi ya daftari hakuirudia. Kwenye grupu amerudi. Mwezi uliopita mtu alibandika linki ya bonasi, na kabla sijaifikia, alikuwa ameshanipigia simu. "Kijana," akasema, "kuna takataka hapo. Itoe, lakini usimwaibishe. Ni mtoto wa watu."